Ndoo ya nusu: kuandika makosa ya kikundi bila kuwauza wenzako

Swali

"Jambo Mama Mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa informatika hapa Lubumbashi. Tulikuwa watano katika kikundi. Tulitengeneza kifaa cha kupima maji kwenye tangi na kutuma ujumbe wa simu yakipungua, maana kwetu Katuba maji ya bomba yanakuja yanavyotaka yenyewe. Mimi niliandika programu ya kihisi, mwenzangu akaandika ya kutuma ujumbe, wa tatu akafanya waya na sanduku, wa nne ripoti na slaidi. Wa tano tulimwona kwenye mikutano miwili kati ya sita. Siku ya kutetea kazi mbele ya juri, kifaa kilijizima na kujiwasha kila kilipotaka kutuma ujumbe. Tukaazima powerbank, ujumbe ukaenda, lakini ndoo ilikuwa imejaa na ujumbe ukasema: 'Maji yamepungua.' Watu walicheka hadi nje. Tumepata 9 kwa 20. Sasa mwalimu anataka kila mmoja aandike peke yake kurasa tatu juu ya kazi ya kikundi na makosa tuliyofanya, ndipo atupe nafasi ya pili. Shida yangu ni hii: usiku wa kuamkia siku ile niliona kifaa kikijizima, sikumwambia mtu. Yule wa ujumbe naye alisoma namba yangu vibaya. Na yule wa tano hakufanya kitu. Nikisema yote nimewauza wenzangu na nimejimaliza mwenyewe. Nikificha, kurasa tatu nitazijaza na nini?"

Nilimwomba anitumie programu yenyewe, picha walizopiga wakati wa majaribio na ujumbe wa kikundi chao cha WhatsApp, nikamuuliza na maswali machache. Ninavitumia hapa kwa ruhusa yake.

Jibu

Mwanangu, jambo sana. Kabla ya habari ya nani auzwe na nani afichwe, fungua programu yako, tafuta pale kihisi kinapotoa jibu lake. Jibu lile umelipa jina gani? Umeliita "maji".

Sasa tazama kihisi chenyewe, HC-SR04, kile chenye macho mawili ya duara. Jicho moja linatoa sauti ya kilohertzi 40 ambayo sikio la mtu haliisikii, jingine linangoja mwangwi urudi. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde kukiwa na joto la digrii 20. Programu inachukua muda wa kwenda na kurudi, inauzidisha kwa mwendo huo, inagawa kwa mbili. Kinachopatikana ni umbali kutoka kwenye macho yale hadi uso wa maji. Maji yakishuka, namba inapanda. Yakipanda, namba inashuka. Wewe ulijua, kwa kuwa wewe ndiye uliyekaa na kihisi wiki mbili. Ila ukaliita jibu "maji", ukamtumia mwenzako faili kwa WhatsApp na maneno haya, nimeyaona: "Tayari, maji inatoka kwa sentimita."

Mwenzako hajawahi kukishika kihisi. Anaona neno "maji", anaona sentimita. Akaandika: maji yakiwa chini ya 10, tuma "Maji yamepungua". Hata mimi, na mvi hizi, ningeandika vilevile. Hakusoma vibaya. Alisoma ulichoandika.

Najua hukulitegemea hili. Ulikuja na makosa matatu, moja lako na mawili ya wengine, na mimi nakuongezea la pili upande wako. Lakini ngoja, maana picha ya tarehe yenu ya majaribio ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ndoo ya plastiki ya bluu, kina chake sentimita 30, kihisi kimefungwa kwa skochi kwenye ubao uliolazwa juu ya mdomo wa ndoo, na maji yamefika nusu kamili. Kutoka kwenye kihisi hadi majini: sentimita 15. Kutoka chini ya ndoo hadi uso wa maji: sentimita 15. Namba inatoka 15, wewe unasema sawa, mwenzako anasema sawa, na kila mmoja anafikiria kitu kingine kabisa. Ukitafuta katika ndoo nzima mahali ambapo kosa lenu haliwezi kuonekana, ni hapo tu. Sehemu nyingine yoyote lingejitokeza lenyewe.

Na kwa nini nusu? Uliniambia: siku hiyo bomba lilikuwa kavu, mkawa na bidoni moja ya jirani, hamkutaka kuimaliza kwa ajili ya mchezo wa shule. Hiyo ni sababu ya kweli na iingie kwenye ripoti yako. Watu wengi wanaandika "majaribio hayakutosha", basi. Mwalimu anayesoma hapati kitu. Ukimwambia mlipima na ndoo ya nusu kwa sababu ya bidoni moja, anaona kikundi, anaona mtaa, anaona kosa lilipojificha. Naye mwenzako wa ujumbe alipimaje sehemu yake? Aliandika namba 5 kwa mkono ndani ya programu, ujumbe ukatoka, akafurahi. Hakuwahi kuuona ukitoka kwa sababu ya maji halisi. Vipande viwili vilivyopimwa kila kimoja peke yake, halafu vikakutana mbele ya juri kwa mara ya kwanza.

Usidhani ni aibu ya wanafunzi wa Katuba. Tarehe 23 Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga kilichoitwa Mars Climate Orbiter, siku kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha kizamani cha ratili, upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni nyutoni. Tofauti ya vipimo hivyo ni mara 4.45. Kwa miezi tisa ya safari kosa lilikuwa linajikusanya kidogo kidogo. Chombo kilitakiwa kupita kilomita zaidi ya 200 juu ya sayari, kikapita kama 57, kikapotea. Kila mtu anayesimulia kisa hiki anaishia kwenye ratili na nyutoni. Tume iliyochunguza haikuishia hapo. Iliona kwamba watu wa kuongoza safari walikuwa wametambua mapema kuwa hesabu haziendi sawa, wakaulizana kwa barua pepe, lakini jambo halikupelekwa kwa njia rasmi ambayo ingemlazimisha mtu kulijibu hadi mwisho. Namba iliyokosa jina lake kamili, na wasiwasi ambao haukufika kwa mwenye kazi: vitu viwili vilevile mlivyo navyo ninyi, na ndoo yenu ya bluu.

Kwa hiyo ukiniuliza uandike nini, andika makabidhiano. Katika kazi za vikundi nilizosimamia, kosa nililikuta mara chache ndani ya kazi ya mtu mmoja. Mara nyingi lilikuwa pale kitu kinapotoka mkononi mwa huyu kuingia mkononi mwa yule. Ukikaa hapo, swali la nani mbaya linapungua nguvu. Unabaki na maswali ambayo yana majibu: nani alijua nini, siku gani, alimwambia nani, kwa maneno gani.

Twende sasa kwenye usiku wako, maana huo ndio unaokuuma. Ulinieleza kwamba mlizoea kuwasha modula ya SIM800L, kile kipande kinachotuma ujumbe kwa mtandao wa simu, kwa betri ya simu ya zamani. Usiku ule delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ilikuwa tangu mchana, betri ikaisha, ukahamisha modula kwenye umeme wa bodi inayoendesha programu, kupitia diodi moja, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ukajaribu kutuma mara mbili. Mara ya kwanza bodi ikajizima. Mara ya pili ujumbe ukaenda, taa ndogo ya modula ikarudi kupepesa taratibu kila sekunde tatu, maana yake mtandao upo. Ukalala. Kiufundi ni hivi: modula ile inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma inavuta umeme kwa vipande vya muda visivyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini vinavyoweza kufika ampea 2. Mlango wa USB wa kompyuta ya kawaida umeahidi nusu ampea. Umeme unazama, bodi inaona giza, inaanza upya. Betri ya simu ilikuwa inaimudu kazi ile bila ninyi kujua ni kwa nini.

Na ile mara ya pili iliyofaulu haikuwa bahati. Simu yoyote ya GSM inaongeza nguvu ya kutuma ikiwa mnara uko mbali au ukuta ni mnene, na inapunguza mtandao ukiwa mzuri. Chumbani kwako mtandao ulikuwa mzuri kiasi, kifaa kikawa kinasimama kwenye ncha ya kisu, mara kinaanguka, mara kinasimama. Kwenye ukumbi wenu wa kuta za zamani kikahitaji nguvu zaidi, kikaanguka kila mara. Kitu kinachofaulu mara moja kati ya mbili mezani kwako hesabu kwamba kimeshindwa. Sentensi hiyo iandike hata kwenye ukuta wa chumba.

Lakini fundi wenu wa waya alijua habari ya betri. Ndiye aliyeichagua. Ungemwandikia maneno matano, "bodi inajizima nikituma ujumbe, njoo", angekuambia kabla ya kupambazuka tafuta betri nyingine. Hukuandika. Nilipokuuliza kwa nini, ukajibu kwamba mchana mlikuwa mmegombana juu ya slaidi na hukutaka kuonekana wewe ndiye unayechelewesha kazi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Modula, diodi na ampea ni nusu ukurasa. Kile kimya cha saa tano usiku kinastahili ukurasa mzima, kwa sababu hakuna mwingine katika kikundi anayeweza kukiandika. Wewe peke yako ulikuwepo.

Nikuambie changu ili usione nakuhubiria tu. Nikiwa fundi kijana katika karakana ya kampuni moja ya migodi, mwisho wa zamu nilikuta fyuzi ya pampu imekatika. Ya ampea 10 sikuwa nayo, nikaweka ya 16, nikasema kesho asubuhi nitarekebisha. Kwenye kitabu cha zamu sikuandika kitu, gari la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi. Usiku pampu ikakwama na mchanga, fyuzi yangu nene ikaacha umeme upite, mota ikaungua. Mzee wa zamu ya usiku alilaumiwa siku tatu kabla sijafungua mdomo. Nilipofungua, adhabu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Ila yule mzee hakunisalimu tena hadi alipostaafu, na hakuwa amekasirikia fyuzi.

Unaogopa mwalimu atakupunguzia pointi ukisema ukweli. Siwezi kukuapia. Walimu wapo wa kila aina, nawajua, nimekunywa nao chai. Ila fikiria jambo hili: tangu 1976 Marekani ina mpango unaoendeshwa na NASA ambapo rubani aliyekosea bila kukusudia, bila ajali wala jinai, anaandika mwenyewe alichofanya. Akiandika ndani ya siku 10, anaweza kusamehewa adhabu, na jina lake linafutwa. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wanajua kosa ambalo halikuandikwa litarudiwa na rubani mwingine. Mwalimu wenu anayetaka kurasa tatu baada ya kuwapa 9 kwa 20, na anayeacha mlango wa nafasi ya pili wazi, sidhani anatafuta mtu wa kumchapa. Kwa kumchapa mtu, 9 ilitosha.

Sasa yule wa tano. Nilikuuliza anakaa wapi, ukasema Ruashi. Mikutano ilifanyika wapi? Kwako Katuba, saa kumi na mbili jioni. Mwanangu, Katuba na Ruashi mji mzima uko katikati, na saa hiyo taksi-bisi zimejaa hadi mlangoni. Mikutano miwili aliyohudhuria, nimeangalia tarehe, ilikuwa Jumamosi mchana. Huenda ni mvivu, wavivu wapo, nimewafundisha na wengine sasa wana vyeo. Lakini kutokana na ulichonitumia, mimi naona mtu aliyepangiwa saa ambayo hakuiweza, na watu wanne ambao hawakumuuliza. Zaidi ya hapo, niambie kazi yake ilikuwa ipi? Kwenye barua umewapa wanne kazi zao. Wa tano umempa mahudhurio. Mtu asiye na kazi yenye jina anakujaje kuifanya?

Kabla hujaandika neno juu yake, mpigie. Usimwandikie, mpigie, umwambie: "Mwalimu anataka kila mtu aandike, nitataja kwamba mikutano minne hukuwepo, nataka nisikie kutoka kwako ilikuwaje." Akikupa sababu, iweke. Asipokupa, andika ulichoona wala usipande juu ya hapo: mikutano mingapi, ipi, na kazi gani ilimwangukia nani. "Hakuja mikutano minne, kikundi hakikubadilisha saa wala hakikumpa sehemu yake" ni ukweli ambao unaweza kumsomea akiwa amekaa mbele yako. Hiki ndicho kipimo changu cha kuuza na kutouza. Neno ambalo huwezi kulisoma mbele ya mwenyewe, lifute. Unaloweza kulisoma mbele yake, hata kama litamuuma, liache.

Kabla ya kuandika, kaa na simu. Rudi kwenye kikundi chenu cha WhatsApp tangu siku ya kwanza, chukua karatasi, andika tarehe na saa: faili lilitumwa lini, nani alijibu, nani alijibu kwa kidole gumba tu. Kumbukumbu ya mtu inajipaka mafuta. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwenzako alikuwa na faili siku nyingi, kumbe ulimtumia Jumapili jioni na kutetea kulikuwa Alhamisi. Sisemi ulidanganya, kichwa ndivyo kinavyofanya kazi.

Halafu jambo la lugha, ambalo wachache wanalisema. Ripoti utaitoa kwa Kifaransa, najua. Lakini rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia kaka yako barazani. Kifaransa cha ripoti kina mlango wa nyuma: "il a été constaté que", yaani "ilionekana kwamba", na mwenye kuona ametoweka. Kiswahili cha nyumbani kinakubana: niliona, hatukuuliza, alinitumia. Hapo mwanzoni mwa kitenzi pana mtu. Ukishapata rasimu hiyo ndipo uitafsiri, na kila unapokuta "on" au "il a été", rudi ukatazame kwenye Kiswahili alikuwa nani.

Wala usiandike "tulikosa mawasiliano". Kikundi chenu kilikuwa na ujumbe mia kadhaa, nimeuona, pamoja na picha za mpira. Mawasiliano yalikuwepo tele. Kilichokosekana ni sentensi mbili. Kwa usiku wako, kitu cha namna hii kingetosha, ukirekebisha mwenyewe:

"Jumatano saa tano na dakika ishirini usiku nilijaribu kutuma ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza bodi ilijizima, mara ya pili ujumbe ulikwenda. Betri ilikuwa imeisha na nilikuwa nimehamisha modula kwenye umeme wa bodi. Sikuwaandikia wenzangu, kwa sababu mchana tulikuwa tumegombana na niliogopa kuonekana nachelewesha kazi. Mwenzetu wa waya, ambaye angejua sababu, alikuta asubuhi kifaa kimebadilishwa bila kuambiwa."

Sentensi tano. Hakuna "samahani", hakuna "najuta sana". Mwalimu ataona majuto bila wewe kuyataja. Na ile ya jina "maji", iandike vivyo hivyo, na useme wazi kwamba mpaka juzi ulidhani ni kosa la mwenzako. Hapo pana tafakari ya kweli kuliko kurasa zote.

Mwisho wa ripoti watu wanapenda kuahidi mambo kumi. Ahidi moja ambalo mwalimu anaweza kulikagua. Mimi ningeahidi karatasi ya makabidhiano: kila kitu kinachotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kina jina, kipimo, kimepimwa kutoka wapi hadi wapi, na mifano miwili ya ncha. Yenu ingekuwa mstari mmoja: umbali_cm, kutoka kwenye kihisi hadi uso wa maji, ndoo tupu ni 30, ndoo iliyojaa ni kama 4. Mwenzako angeusoma mstari huo na angekupigia simu dakika ileile.

Kisha rudieni jaribio, safari hii watano wote, Jumamosi mchana ili wa Ruashi afike. Mpeni yeye kazi ya kumwaga maji na kuandika namba, maana hajui programu inasema nini na hataisaidia idanganye. Ndoo tupu, ndoo ya nusu, ndoo imejaa. Usiweke kihisi karibu sana na maji, chini ya sentimita 2 hakioni kitu. Modula ipate betri yake, waya wa hasi wa betri uunganishwe na wa bodi, na fundi wenu akipata kapasita ya maikrofaradi 1000, kile kipande kinachotunza umeme kwa muda mfupi, aiweke karibu kabisa na modula. Namba tatu mtakazopata zibandike kwenye ukurasa wa tatu wa ripoti. Maji kaazimeni bidoni mbili safari hii, na betri ichajiwe asubuhi, kabla umeme haujaondoka.